Vilima vya Ghuba ya Mwanza na Njia ya Maji

Ibadakuli haina kilima ambacho mtu anaweza kukipanda akaona ziwa. Ni nchi ya mbuga. Udongo wake mweusi hupasuka kiangazi na kunasa magurudumu wakati wa mvua, na jicho la mgeni hutua kwanza kwenye vilivyojengwa na watu: uwanja wa ndege wa Shinyanga, na nguzo za kituo cha kupoza umeme ambako laini kubwa itokayo Iringa kupitia Dodoma na Singida inafikia. Maji makubwa yaliyo jirani ni Ghuba ya Mwanza, ule mkono mrefu wa Ziwa Victoria unaoingia kusini kati ya Misungwi na Sengerema.

Lakini tangu habari za ghuba ile zilipoanza kuandikwa vitabuni, zilipita katika nchi hii ya Shinyanga kwa miguu. Na maji yake, baada ya miaka 150, yamerudi kwa njia hiyohiyo. Katikati ya safari hizo mbili kuna vilima viwili. Kimoja alikipanda Mwingereza asubuhi moja ya Agosti 1858. Cha pili kimebeba tangi la maji tunayokunywa. Cha kwanza kimeandikwa dunia nzima, cha pili hakitajwi hata na wanaofungua bomba kila siku, na hilo ndilo lililonisukuma kuvisimulia pamoja.

Juni 1858, Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walirudi Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, wakitokea Ujiji. Walikuwa wameliona Ziwa Tanganyika, lakini walilipia. Burton alikuwa hawezi kusafiri kwa maradhi. Speke naye alikuwa amefika Ujiji macho yamevimba kiasi cha kutoona ziwa lenyewe vizuri. Walikuja bara wakifuata ramani iliyochorwa na wamisionari wa Rabai, karibu na Mombasa, iliyoonyesha ziwa moja kubwa ajabu katikati ya Afrika. Wamisionari hao hawakuwa wamefika huko. Waliwasikiliza wafanyabiashara wa misafara, wakaunganisha habari za maziwa mbalimbali kuwa ziwa moja. Aliyewafumbua macho wageni hawa alikuwa mwenyeji wao Kazeh, Mwarabu wa Omani aitwaye Snay bin Amir. Yeye aliwaambia wazi kwamba maziwa ni mengi, na kwamba liko jingine kaskazini, kubwa kuliko Tanganyika, ambalo wafanyabiashara waliliita Ukerewe kwa jina la kisiwa chake. Habari iliyokuja kuwashangaza mabwana wa jiografia kule London ilikuwa mazungumzo ya kawaida barazani Kazeh.

Burton alibaki akiandika na kujiuguza. Speke aliondoka tarehe 9 Julai na msafara mdogo wa wapagazi na askari wa Kibaluchi. Kiongozi na mkalimani wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa akiwa mtoto, akauzwa mpaka India, na baada ya bwana wake kufa akarudi Unguja akiwa huru. Speke hakujua Kiswahili cha kumtosha. Alizungumza na Bombay kwa Kihindustani, lugha waliyoipata wote wawili India, mmoja jeshini na mwingine utumwani. Kwa hiyo kila neno la mtemi wa Kisukuma lilipita kwanza kwenye Kiswahili, kisha Kihindustani, ndipo likaandikwa kwa Kiingereza kwenye daftari. Ukisoma maelezo ya Speke juu ya watu wetu, kumbuka umbali ambao kila jibu lilisafiri kabla ya kumfikia.

Julai ni kiangazi. Mazao yamekwisha kuvunwa, majani yamekauka, na mito mingi ya nchi hii imebaki mchanga mtupu. Msafara ulipita Unyambewa, ambako mtemi alikuwa mwanamke mzee, Ungugu kwa maandishi ya Speke. Alikuwa hajapata kuona Mzungu, akataka mgeni asiondoke kabla ya kumwona. Mtemi alipofika alikagua viatu, akashika suruali, akapitisha vidole kwenye vifungo vya koti, kisha akatoa ng'ombe kwa ajili ya msafara. Huo ni ukarimu wa kitemi, wala hauna la ajabu kwa mtu aliyelelewa Unyamwezi au Usukuma. Lakini kulikuwa na shida moja iliyomfuata Speke njia nzima. Alibeba ushanga mweupe peke yake, na watu wa njia hiyo wakati ule walitaka ushanga wa rangi. Biashara ya ushanga ilikuwa na mitindo yake, na mtindo ulibadilika kutoka nchi hadi nchi. Mtu aliyekuja kutafuta chanzo cha Naili alikwamishwa kununua kuku na mayai kwa sababu hakuuliza wenyeji wanavaa nini.

Akapita Nindo, akapita Salawe. Majina haya bado ni yetu. Salawe ni kata ya Wilaya ya Shinyanga, yenye vilima vya mawe ya matale yaliyopasuliwa na jua na mvua kwa muda usiohesabika. Kutoka hapo kwenda kaskazini majabali yanazidi, na ndiyo yanayoipa Mwanza sura yake, mawe makubwa yaliyobebana kila kilele. Tarehe 30 Julai aliona kwa mara ya kwanza maji upande wa magharibi, mwisho wa kusini wa ghuba. Hakuyadhania kuwa ziwa. Aliyaona kama hori jembamba, akaliita Jordans, kwa jina la nyumba ya familia yake huko Uingereza, akaendelea kulifuata kando yake.

Tarehe 3 Agosti, siku ya 25 tangu kuondoka Kazeh, msafara ulitoka asubuhi kijiji alichokiandika Isamiro. Jina hilo linafanana na Isamilo, mtaa wa mlimani katika jiji la Mwanza leo. Njia ilipanda kilima kirefu kwa upole, hatua kwa hatua, wapagazi wakitangulia na mizigo kichwani. Walipofika juu, ziwa lilijitokeza lote kwa mara moja: maji ya buluu iliyopauka mpaka upeo wa kaskazini, visiwa vyenye miti na majabali, na mitumbwi ikipita kati yake. Speke aliandika kwamba kilima hicho hakikuwa na jina la wenyeji, kwa hiyo akakiita Somerset, jina la jimbo la kwao. Sikubaliani naye hapo. Katika Usukuma kilima kilicho juu ya njia ya watu huwa na jina, huwa na pango, mara nyingi huwa na tambiko. Pengine swali lake lilipotea katika zile lugha tatu.

Hapo juu aliamua jambo ambalo wanajiografia walikuwa wamelitafuta tangu Wagiriki wa kale. Aliandika kwamba hana shaka tena: ziwa lililo miguuni pake ndilo linalouzaa mto Naili. Akalipa jina la malkia wake, Victoria. Je, aliona nini hasa cha kumfanya aseme hivyo? Aliona pembe ya kusini tu ya ziwa lenye eneo la kilomita za mraba kama 68,000. Naili inatoka upande wa pili kabisa, Jinja, mamia ya kilomita kutoka pale aliposimama. Hakuna kilima duniani kinachoweza kuonyesha hilo. Nadhani alichokiona ni upeo usio na nchi kavu, kisha akautolea hesabu.

Hesabu yenyewe ilikuwa ya mwinuko. Vyombo vingi vya msafara vilikuwa vimeharibika, akabaki na kipimajoto cha kuchemshia maji. Njia hii ni rahisi kuieleza. Usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kila ukipanda kiasi cha mita 300, kiwango cha kuchemka hushuka karibu nyuzi moja. Kwenye fukwe za Mwanza maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Unawasha moto, unatumbukiza kipimajoto katika sufuria, unasoma, unakokotoa. Kosa la nusu nyuzi linakupotosha kwa mita 150. Hata hivyo jibu alilopata Speke halikuwa mbali na ukweli, kwa kuwa leo tunajua uso wa ziwa uko mita 1,134 hivi juu ya bahari. Jambo lililompa nguvu ni kwamba ziwa hili lilikuwa juu zaidi kuliko Tanganyika walilolipima kabla, na juu vya kutosha kwa maji yake kushuka mpaka Misri. Mwinuko ndio uliobeba hoja yake yote. Neno hilo tulishike, maana litarudi kwenye kile kilima cha pili.

Alikaa Mwanza siku chache tu. Mtemi Mahaya alimpokea vizuri, na Mwarabu Mansur bin Salim aliyekuwa hapo akamsaidia kuuliza maswali. Alipanda tena kilima kingine na dira yake, akapima pande za visiwa. Alitaka mtumbwi wa kumvusha Ukerewe, ukakosekana kwa wakati. Ndipo akaletewa mtu aliyesifiwa kuwa msafiri kuliko wote pale, akaulizwa ziwa linafika wapi kaskazini. Yule bwana alirusha mkono mbele akielekeza kaskazini, huku akialisha vidole, ishara ya kitu kisicho na kipimo. Akasema hakuna ajuaye, lakini yeye anafikiri linakwenda mpaka mwisho wa dunia. Katika maandishi yote ya safari ile hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Mtu aliyeishi na maji yale maisha yake yote alikiri mpaka wa ujuzi wake. Mgeni wa siku tatu alikwisha kuamua.

Tarehe 6 Agosti Speke aligeuza, na tarehe 25 Agosti alikuwa Kazeh tena, kwa njia ileile ya Salawe na Nindo. Burton alimsikiliza asubuhi, akamwambia kwa ufupi kwamba hana ushahidi. Ugomvi wao ulianzia hapo, mezani Tabora, na haukuisha. Speke alitangulia kufika Uingereza Mei 1859, akaenda moja kwa moja kwenye Chama cha Kifalme cha Jiografia, akapewa safari nyingine.

Safari hiyo ya pili ilipita upande wa pili wa ghuba. Mwaka 1861 Speke alikwama miezi Uzinza, nchi ambayo leo sehemu yake ni Geita na Sengerema, akiwa mgonjwa, akidaiwa hongo na mtemi Lumeresi, wapagazi wakimkimbia. Alipita Karagwe kwa mfalme Rumanika, akafika Buganda kwa Kabaka Mutesa, na tarehe 28 Julai 1862 alisimama Jinja akaona maji yakitoka ziwani kwa kishindo. Sasa alikuwa na mwanzo wa mto. Lakini hakuuzunguka ufuo wote, na Burton aliendelea kushikilia kwamba pengine ni maziwa mengi madogo, na kwamba Tanganyika ndilo chanzo. Mdahalo wao ulipangwa kufanyika mji wa Bath tarehe 16 Septemba 1864. Siku moja kabla, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni.

Ugomvi huo uliamuliwa majini. Februari 1875 Henry Morton Stanley aliingia Usukuma na msafara mkubwa uliobeba mashua yake, Lady Alice, ikiwa imekatwa vipande ili ibebwe na wapagazi. Nao walikuwa na kilima chao. Kijana wake Frank Pocock alitangulia mbio mpaka kileleni, akatazama, akarudi akipiga kelele kwamba ameliona ziwa. Walipiga kambi Kageyi, kwa mtemi Kaduma. Tarehe 8 Machi Stanley akasukuma mashua majini. Alilizunguka ziwa lote, akarudi baada ya siku 57, na kukuta mwenzake Frederick Barker amekwisha kufa na kuzikwa. Ikathibitika kuwa ni ziwa moja. Hoja ya Speke ilikuwa sahihi, ila ilihitaji kasia kuithibitisha. Katika safari hiyohiyo Stanley aligombana na watu wa kisiwa cha Bumbire, na Agosti mwaka huohuo alirudi kuwalipiza kwa bunduki na kuua wengi. Ushahidi wa jiografia uliandamana na maiti hizo, na haifai kuzitenganisha habari hizi mbili.

Baada ya hapo ghuba ilianza kujaa majina ya wageni. Hori la Jordans likaitwa Smith, kwa jina la mmisionari mwanamaji wa Kiingereza aliyeuawa Ukerewe Desemba 1877. Wajerumani wakaliita Stuhlmann. Mapadre Weupe walifungua misheni Bukumbi mwaka 1883, juu ya ghuba, na hapo ndipo Kabaka Mwanga wa Buganda alipokimbilia baada ya kupinduliwa mwaka 1888. Mfalme aliyechoma wakristo wa nchi yake alihifadhiwa na mapadre katika Usukuma, akapata nafasi ya kujipanga, na mwaka uliofuata akarudi kwao kupigania kiti chake kwa msaada wa mfanyabiashara Charles Stokes. Utawala wa Kijerumani nao ulijenga boma Mwanza miaka ya mwanzo ya 1890. Daktari Robert Koch alipita hapo mwaka 1906 katika utafiti wake wa malale, na kilima kimoja mjini kinaitwa kwa jina lake mpaka leo. Juu yake lilijengwa jumba la mtawala, mahali ambapo bandari yote inaonekana kwa jicho moja. Watawala walipenda vilima kwa sababu hiyo: anayeingia na anayetoka ziwani huonwa na kuhesabiwa.

Vita vikuu vya kwanza vilionyesha kwamba ghuba na Shinyanga ni njia moja. Waingereza waliingia Mwanza tarehe 14 Julai 1916. Wajerumani hawakusubiri kuzingirwa. Walipakia watu na mali kwenye meli zao ndogo, wakateremka ghuba kuelekea kusini mpaka maji yalipoishia, kisha wakatembea kuelekea Shinyanga na Tabora. Mwishoni mwa Agosti Waingereza wakafika Shinyanga. Ni njia ya Speke ile, safari hii imejaa wapagazi waliobeba risasi za watu wengine. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza ikipitia Shinyanga, na mji mpya ukakua kando ya stesheni, wakati mji wa awali ukabaki na jina la Old Shinyanga, jirani yetu hapa Ibadakuli.

Ng'ambo ya pili ya ghuba vilima vina habari nyingine, nazo ni za dhahabu. Matuta ya Geita yamebaki yamesimama kwa sababu miamba yake yenye tabaka za chuma ni migumu kuliko ya pembeni, na katika miamba hiyo ndimo dhahabu ilimoingia. Wajerumani waliigundua kabla ya karne ya 19 kwisha. Uchimbaji mkubwa ulianza miaka ya 1930, mgodi ukafungwa 1966, kisha ukafunguliwa upya kwa machimbo ya wazi mwaka 2000. Mgodi huo unavuta maji yake kutoka Ghuba ya Nungwe, kwa mabomba yanayopanda kutoka ufuoni. Mchenjuaji mdogo anayeosha mchanga wake kwenye karai anaijua shida ya maji kuliko mtu yeyote: bila maji, mawe yenye dhahabu yanabaki mawe.

Na kwa miaka mingi, kufika huko kulitegemea kivuko. Pale Kigongo na Busisi malori ya Geita, mabasi ya Bukoba na magari ya wagonjwa yalipanga foleni yakisubiri zamu, huku wauza samaki na karanga wakipita madirishani. Ukipanda vilima vya upande wa Kigongo uliona foleni yote na maji yote, na ng'ambo ilionekana karibu hata kuchukiza. Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi la daraja Desemba 2019, na tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilizindua, daraja la kiasi cha kilomita 3 linaloitwa kwa jina la Magufuli. Leo ghuba inavukwa kwa dakika chache.

Siwezi kuandika juu ya kuyatazama maji haya kutoka juu nikaipita tarehe 21 Mei 1996. Asubuhi hiyo meli ya MV Bukoba, ikitokea Bukoba na kupitia Kemondo, ilipinduka ikikaribia Mwanza. Zaidi ya watu 800 walikufa. Walikuwa wamekaribia kiasi kwamba vilima vya nyumbani vilionekana. Wengi wamezikwa Igoma, na Kanda ya Ziwa nzima, Shinyanga ikiwemo, haina ukoo mkubwa usiomjua aliyempoteza mtu.

Sasa nirudi kwenye kile kilima cha pili.

Kwa mkazi wa Shinyanga, swali la Naili lilikuwa la ajabu siku zote. Wageni waliuliza maji yanakwenda wapi kaskazini. Mama aliyechimba mchanga wa mto mkavu Septemba, akasubiri maji yajikusanye chini ya shimo ili achote kwa kata, aliuliza kwa nini hayaji kusini. Mji ulitegemea Bwawa la Ning'hwa, vijiji vilitegemea malambo na visima, na mwaka wa ukame vyote vilishuka kwa pamoja. Maji matamu kabisa yalikuwa kaskazini, siku chache za mguu.

Kulikuwa na vikwazo viwili. Cha kwanza kilikuwa karatasi. Mwaka 1929 Uingereza ilikubaliana na Misri kwamba katika nchi ilizozitawala hapatafanyika kazi yoyote kwenye Naili, matawi yake au maziwa yake itakayopunguza maji yaendayo Misri, mpaka Misri ikubali. Tanganyika haikuulizwa. Baada ya uhuru, Julai 1962, serikali ya Julius Nyerere iliziandikia Uingereza, Misri na Sudani kwamba mkataba huo hauifungi Tanganyika. Msimamo huo ulikaa miaka 40 bila kujaribiwa kwa bomba kubwa. Ulijaribiwa kwa ajili yetu. Katika awamu ya Rais Benjamin Mkapa, waziri wa maji akiwa Edward Lowassa, serikali iliamua kuyatoa maji ya Ziwa Victoria mpaka Shinyanga na Kahama, na kulipia kwa fedha zake yenyewe. Malalamiko yalitoka Cairo. Lakini ukitazama mizani ya ziwa, sehemu kubwa kabisa ya maji yake hupotea angani kwa kukaushwa na jua. Kinachonywewa na miji miwili ya bara ni kidogo sana mbele ya hicho.

Kikwazo cha pili kilikuwa kile ambacho Speke alikipima kwa sufuria: mwinuko. Shinyanga haiko bondeni mwa ziwa. Iko karibu usawa mmoja nalo. Maji hayawezi kuteremka kutoka ufuoni mpaka Ibadakuli, kwa kuwa hakuna mteremko. Lazima kwanza yapandishwe. Wahandisi walitafuta mahali ambapo maji yenye kina yako karibu na kilima kirefu, wakapapata Ihelele, Wilaya ya Misungwi, ukingoni mwa ghuba ileile aliyoifuata Speke kando yake. Maji yanavutwa ziwani, yanasafishwa kwenye mtambo wenye uwezo wa lita milioni 80 kwa siku, kisha pampu zinayasukuma mpaka kwenye tangi juu ya kilima cha Mabale. Kazi ya umeme inaishia hapo. Kutoka Mabale maji yanashuka yenyewe ndani ya bomba kuu, yakipita nchi ya Solwa, tawi moja likielekea Shinyanga na jingine Kahama. Ukisimama Mabale unaiona ghuba upande mmoja na nchi kavu ya Usukuma upande wa pili. Kwa maoni yangu hakuna mahali pengine katika ukanda huu panapostahili zaidi kupandwa na watoto wa shule, waonyeshwe kwa kidole yanakotoka na yanakokwenda.

Rais Jakaya Kikwete aliuzindua mradi Mei 2009. Mamlaka ya KASHWASA huyauza maji kwa jumla, nayo mamlaka ya maji ya mji wa Shinyanga huyasambaza mpaka kwenye nyumba na magati. Foleni za madumu hazikuisha siku hiyo. Kuna vijiji vilivyolikodolea macho bomba kuu miaka mingi kabla ya kuunganishwa, na viko ambavyo bado vinasubiri, na mwenye kisima kilichokauka hana haja ya kusikia habari za Mabale mpaka bomba limfikie mlangoni.

Lakini bomba halikusimama Shinyanga. Kutoka Solwa lilirefushwa kuelekea kusini, safari hii kwa mkopo wa serikali ya India, mpaka Nzega, Igunga na Tabora. Tabora iko juu kuliko ziwa, kwa hiyo huko njiani maji yanahitaji kusukumwa tena. Kufikia mwaka 2021 maji yaliyopandishwa Mabale yalikuwa yanatoka kwenye mabomba ya Tabora, mji ambako Snay bin Amir aliwaeleza wageni wake kwamba kaskazini kuna ziwa kubwa, na ambako Speke aliondoka akatembea siku 25 kwa mguu kwenda kulitazama.